Nani Atashika Ufunguo wa Benki Kuu Mwaka 2027?

Ndugu zetu wapenda mageuzi, nanyi waumini mnaolipokea jarida hili mlangoni mwa kanisa, leo hatuna la kusema juu ya viti vya ubunge wala juu ya nani amehamia chama gani. Hayo yana wasemaji wengi. Tunataka kuzungumzia kiti kimoja ambacho hakipigiwi kura, hakina bendera wala wimbo wa kampeni, na ambacho wachuuzi wengi wa soko la Kakamega hawalijui jina la anayekikalia, ingawa sahihi yake wanaifunga katika leso zao kila siku. Ni kiti cha Gavana wa Benki Kuu ya Kenya.

Muhula wa miaka 4 ambao Dk. Kamau Thugge aliuanza Juni 2023 unakamilika Juni 2027. Uchaguzi mkuu, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti ya mwaka huo huo. Kati ya siku hizo mbili kuna kama majuma saba. Katika msimu ule ule ambao Rais aliye madarakani anazunguka nchi akiomba kura, ndipo anaposhika kalamu ya kuamua kama mtunza noti za taifa aongezewe miaka 4 au aende zake. Na mtunza noti naye, katika msimu huo huo, anajua kwamba mkate wake u mikononi mwa mgombea.

Si jambo la kila mara. Muhula wa Gavana ni miaka 4, wa Rais ni miaka 5. Hesabu hizo mbili hukutana kila baada ya miaka 20. Zilikaribiana mwaka 2007, alipoteuliwa Profesa Njuguna Ndung'u mwezi Machi na kura ikapigwa Desemba. Mwaka 2027 zinagusana. Sheria isipobadilishwa zitagusana tena mwaka 2047, na wakati huo wengi wetu tutakuwa tumelala chini ya miti yetu. Kwa hiyo tunasema sasa.

Wapo watakaotuuliza: Gavana na kura wana uhusiano gani? Swali hili mtu wa Kakamega hapaswi kuuliza, kwa sababu sisi tulipata kuiona noti iliyobatizwa jina la mwana wa Lugari. Mwaka 1992, KANU ilipokabiliwa na vyama vingi kwa mara ya kwanza tangu kufutwa kwa kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991, vijana wa YK'92 chini ya Bw. Cyrus Jirongo walizagaa kila pembe ya nchi wakiwa na fedha ambazo hazikuwa na kifani. Wananchi, kwa ule ulimi wao usiolipiwa ushuru, wakaiita noti ya shilingi 500 "Jirongo". Tulicheka. Walioipokea waliiona ni ukarimu. Mwalimu wa shule ya msingi akalipa madeni, kijana akanunua baiskeli, mzee akanywa busaa ya wiki mbili bila kukopa. Kura ikapigwa tarehe 29 Desemba 1992, KANU ikarudi.

Kisha hesabu ikaletwa mezani. Mwaka 1993 bei za bidhaa zilipanda kwa wastani wa asilimia 46. Dola ya Marekani iliyokuwa ikinunuliwa kwa kama shilingi 36 mwishoni mwa 1992 ilifika karibu shilingi 80 katikati ya mwaka uliofuata. Serikali, ili kuzinyonya zile noti zilizofurika, ililazimika kuuza hati za Hazina kwa riba iliyopita asilimia 70, na nani angemkopesha mkulima wa miwa wa Mumias ikiwa serikali yenyewe inalipa riba ya namna hiyo? Yule mwalimu aliyelipa madeni aliyaona yakirudi na wajukuu. Mama aliyekuwa akinunua gorogoro mbili za mahindi alirudi nyumbani na moja. Hakuna aliyemvunjia mlango. Shilingi zake zilikuwa pale pale chini ya godoro, idadi ile ile, na bado alikuwa ameibiwa.

Sasa tuulize zile noti zilitoka wapi, maana KANU haikuwa na shamba la noti. Benki Kuu ni benki ya mabenki. Kila benki ya biashara ina akaunti yake pale, na hundi za benki moja kwa nyingine hukatwa katika akaunti hizo. Benki ndogo zenye jamaa wakubwa ziliandika hundi zisizo na fedha nyuma yake, na Benki Kuu, badala ya kuzirudisha kama karani wa posta anavyorudisha hundi mbovu ya mlalahoi, ikazikubali. Mkopo usio na mwenyewe ukageuka fedha halisi mitaani. Baadaye benki hizo ziliporomoka moja baada ya nyingine: Exchange Bank na Trade Bank mwaka 1993, Pan African Bank mwaka 1994.

Na juu ya hilo kulikuwa na Goldenberg. Hapa turuhusiwe kusimama kidogo, kwa sababu uongo ule ulisimikwa juu ya dhahabu, na dhahabu ni jambo tunalolijua. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, wazungu wakamiminika na mahema yao, na serikali ya kikoloni ikaigeuza mwaka 1932 ile sheria ya ardhi ambayo wino wake wa 1930 ulikuwa haujakauka, ili mashamba ya babu zetu yachimbwe. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952. Tangu hapo watu wa Ikolomani na Shinyalu wamekuwa wakichimba kwa sururu na karai, wakisaga mawe, wakiosha tope, na anayepata punje ndogo kwa wiki hujiona amebarikiwa. Kampuni ya Goldenberg International ya Bw. Kamlesh Pattni iliiambia serikali mwaka 1990 kwamba itauza nje dhahabu na almasi kutoka Kenya kwa wingi wa ajabu, na ikaomba ilipwe fidia ya mauzo ya nje ya asilimia 35, wakati kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 20. Wizara ya Fedha ikakubali. Benki Kuu ikalipa. Laiti Benki Kuu ingemwita mchimbaji mmoja tu wa Ikolomani, hata asiyejua kusoma, akaulizwa kama nchi hii ina dhahabu ya kujaza ndege! Na almasi? Almasi tumeiona katika vidole vya wake za wakubwa.

Gavana wakati huo alikuwa Bw. Eric Kotut, aliyekuwa amekalia kiti hicho tangu 1988. Mtu aliyetupa ukweli hakuwa Gavana wala naibu wake. Alikuwa karani kijana, David Munyakei, aliyeona karatasi zikipita mezani pake zisizolingana na kitu chochote duniani. Alizitoa, zikawafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Anyang' Nyong'o, na nchi ikajua. Munyakei alikamatwa mwaka 1993 akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa, kazi hakurudishiwa. Alikufa mwaka 2006, maskini, mwaka ule ule ambao ripoti ya tume ya Jaji Samuel Bosire ilitolewa hadharani. Hatujapata kuona mkubwa hata mmoja akitumikia kifungo kwa ajili ya Goldenberg.

Tukumbuke pia, kwa kuwa haki inatutaka tukumbuke, kwamba dawa ilitoka karibu na mahali ulikotoka ugonjwa. Bw. Musalia Mudavadi, kijana wa Sabatia, katika Vihiga ambayo hadi 1990 ilikuwa sehemu ya wilaya yetu ya Kakamega, alifanywa Waziri wa Fedha Januari 1993, na Julai mwaka huo Bw. Kotut aliondoka na mahali pake pakashikwa na Bw. Micah Cheserem, mhasibu aliyetoka katika kampuni za biashara. Bw. Cheserem alifunga benki chafu, akakausha noti zilizozagaa, na sarafu ikapata pumzi. Hakuwa malaika, wala hatuwahubirii ninyi malaika. Tunachosema ni kwamba Rais alikuwa yule yule, chama kile kile, sheria ile ile, na nchi ikaona tofauti kwa kubadilishwa mtu mmoja. Ikiwa mtu mmoja anaweza kuponya kiasi hicho, mmoja anaweza pia kuua kiasi hicho. Ndiyo sababu tunauliza anavyopatikana.

Wahenga wa utawala watatuambia mambo yamebadilika. Yamebadilika, nasi tulikuwamo katika kuyabadilisha. Benki Kuu ilipoanzishwa mwaka 1966 Gavana wa kwanza alikuwa Dk. Leon Baranski, Mpolandi. Aliyemfuata mwaka 1967, Bw. Duncan Ndegwa, alitoka moja kwa moja katika ukatibu wa Baraza la Mawaziri, akakaa miaka 15, na katikati ya miaka hiyo akaongoza tume ile ya 1971 iliyowabariki watumishi wa serikali kufanya biashara zao wenyewe. Muhula ulikuwa ni pumzi ya Rais. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Aprili 1997 yalimpa Gavana muhula unaojulikana na yakaifunga serikali isikope kutoka Benki Kuu kupita asilimia 5 ya mapato yake yaliyokaguliwa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 231, inasema wazi kwamba Benki Kuu isiwe chini ya amri ya mtu wala mamlaka yoyote inapotekeleza kazi yake. Ibara hiyo hiyo inakataza sura ya mtu katika noti, na mwaka 2019 sura za marais zikaondoka, ingawa wapo waliobishana hadi mahakamani juu ya sanamu iliyo mbele ya jengo la KICC. Lakini kuondoa sura katika noti ni kazi ya mchoraji. Kuondoa mkono ni kazi nyingine.

Mkono bado upo, na upo hasa siku za kurithishana kiti. Tazameni jinsi kiti hiki kilivyopokezanwa tangu Bw. Cheserem aondoke. Bw. Nahashon Nyagah aliteuliwa mwaka 2001, akaondoka Machi 2003, miezi michache baada ya NARC kushika serikali na mwezi mmoja baada ya Euro Bank kuanguka na fedha za mashirika ya umma ndani yake. Dk. Andrew Mullei akaja mwaka huo wa 2003. Machi 2006 alishtakiwa mahakamani akasimamishwa kazi, na Bi. Jacinta Mwatela akakaimu karibu mwaka mzima. Profesa Ndung'u alipomaliza mihula yake miwili Machi 2015 hapakuwa na mrithi aliyetayarishwa, Dk. Haron Sirima akakaimu hadi Juni, alipoapishwa Dk. Patrick Njoroge. Nchi iliyojua kwa miaka 8 tarehe ya mtu kuondoka ilishindwa kuwa na mrithi siku ile. Je, kaimu ni nani? Kaimu ni mtu aliyeketi kwenye kiti akiwa amevaa koti lake, asiyejua kama kesho ataambiwa ainuke. Hawezi kusema "hapana" kwa sauti.

Tukitaka kuona kaimu wa muda mrefu tuvuke tu Busia au Malaba. Gavana wa Benki Kuu ya Uganda, Profesa Emmanuel Tumusiime-Mutebile, aliyekalia kiti tangu 2001, alifariki Januari 2022. Naibu wake, Bw. Michael Atingi-Ego, aliiendesha benki kwa zaidi ya miaka 3 kabla ya kuthibitishwa kuwa Gavana mwaka 2025. Nchi nzima ikawa na sarafu isiyo na mwenyewe wa kudumu, kwa sababu tu Rais hakuona haraka. Na ni Uganda hiyo hiyo ambayo mwaka 2011, mwaka wa uchaguzi, dola milioni 740 zilitolewa katika akiba ya Benki Kuu kununua ndege za kivita kabla Bunge halijaidhinisha. Kusini mwetu hali haikuwa bora. Wizi wa akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu ya Tanzania, ule walioufahamu kwa jina la EPA, wa shilingi bilioni 133 za nchi hiyo, ulifanyika mwaka wa fedha wa 2005/2006, na mwaka 2005 Watanzania walikuwa wanapiga kura. Gavana Daudi Ballali alifutwa uteuzi Januari 2008, akafia Marekani Mei mwaka huo.

Kenya 1992, Tanzania 2005, Uganda 2011. Nchi tatu, vyama vitatu, marais watatu wasiofanana hata kwa sura. Mlango uliobishwa ni mmoja, na uliobishwa kila mara katika majira ya kura. Tukiwaambia kwamba mwaka 2027 kalamu ya kumwongezea Gavana muhula na karatasi ya kura zinakutana ndani ya majuma saba, na mkaendelea kusema hayo ni mambo ya wachumi, basi hatujui tena tuseme kwa lugha gani.

Hatumlaumu Dk. Thugge kwa jambo ambalo hajalitenda. Shilingi iliyofika 160 kwa dola Januari 2024 ilirudi ikatulia karibu na 129, na kama sifa ni yake, yake. Lakini hatusahau pia alikotoka. Alipoteuliwa alikuwa mshauri wa Rais katika mambo ya uchumi, na kabla ya hapo alikuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Huenda hapana kosa katika hayo. Kuna ukaribu, na ukaribu ni jambo la kuwekewa ua. Baba mwenye busara hamkabidhi mwanawe anayempenda sana ufunguo wa ghala la kijiji kizima, si kwa kuwa mwana ni mwizi, ila kwa kuwa siku ya njaa kijiji kitauliza.

Ua tunaoutaka si wa kigeni. Katiba yetu wenyewe imekwisha kuutambua. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupewa miaka 8, mara moja, haongezewi. Makamishna wa tume huru, wakiwemo wale wa uchaguzi, hupewa miaka 6, mara moja, hawaongezewi. Waandishi wa Katiba walielewa kwamba mlinzi anayengoja kuongezewa mkataba na yule anayemlinda dhidi yake si mlinzi. Kwa nini basi mtu mwenye ufunguo wa noti, aliye na nafasi ya kumdhuru maskini kwa mwaka mmoja kuliko mkaguzi kwa miaka 8, aachwe mlangoni kwa Rais kila baada ya miaka 4 akiwa ameshika kofia mkononi? Sheria ya Benki Kuu inasema tu kwamba Gavana anaweza kuteuliwa tena kwa muhula mmoja zaidi. Kipimo cha kumpima haikuandika. Tunalitaka Bunge la Kitaifa lirekebishe sheria hiyo: muhula mmoja, mrefu kuliko wa Rais, usioongezwa, na unaoanza katika mwaka ambao si wa kura.

Na kama Bunge halitafanya hivyo kwa wakati, basi kuna jambo dogo zaidi ambalo halihitaji sheria mpya. Rais na atangaze nia yake miezi sita kamili kabla ya muhula kwisha. Akitaka kumbakisha aliyeko, amlete mbele ya Kamati ya Fedha ya Bunge hadharani kama angeletwa mgeni, aulizwe alichofanya, ajibu. Akitaka mwingine, nafasi itangazwe mapema, usaili ufanywe kwa wazi kama ule wa mwaka 2011 uliompata Jaji Mkuu Willy Mutunga, ambao taifa lote liliutazama kwenye runinga na hakuna aliyekufa. Asiyeweza kuulizwa maswali mbele ya Wakenya asipewe noti za Wakenya.

Tunajua wapo wachungaji wetu wapendwa watakaosema kanisa lijishughulishe na roho. Neno hilo tumelisikia zamani. Makanisa yalipopinga kura ya mlolongo mwaka 1986 yaliambiwa yarudi madhabahuni. Mwaka 1990 mahubiri ya Mwaka Mpya ya Kasisi Timothy Njoya yaliitwa wazimu, na miaka miwili haikuisha kabla ya yale aliyoyasema kuwa sheria. Nabii Amosi alikuwa mchunga kondoo, na lililomtoa malishoni lilikuwa vipimo vya uongo vya wauza nafaka. Noti ni kipimo. Ndiyo gorogoro inayopimia gorogoro. Ikipunguzwa usiku, sadaka mnayohesabu Jumapili jioni imepunguzwa, ada ya mtoto imepunguzwa, mshahara wa mpishi wa shule umepunguzwa, na hakuna aliyehubiriwa wala kukemewa, kwa sababu aliyefanya hivyo hana uso. Na Yusufu je? Farao alimweka juu ya ghala za Misri, naam, na kila mhubiri amehubiri juu ya hekima yake. Soma basi mpaka mwisho uone yule Yusufu aliyechaguliwa na Farao aliwafanya nini wakulima: walianza kwa kutoa fedha, wakatoa mifugo, mwishoni wakatoa mashamba na miili yao. Hilo halihubiriwi mara nyingi.

Tuseme basi la kufanya. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Ombi halihitaji lugha ya mawakili. Linahitaji majina, sahihi na nambari za vitambulisho. Kila parokia, kila mkutano wa Marafiki, kila kanisa la mtaa linaweza kuandika lake. Aidha, jina la mteule linapopelekwa Bungeni, sheria ya mwaka 2011 kuhusu uidhinishaji wa uteuzi wa umma inamtaka Karani wa Bunge aujulishe umma siku na mahali pa usaili angalau siku 7 kabla, na mwananchi yeyote anaweza kumpelekea Karani maelezo ya maandishi yenye kiapo, pamoja na ushahidi, akieleza kwa nini mteule hafai. Siku 7 ni chache. Zinatosha kwa aliyejiandaa. Kwa hiyo tunawaomba mawakili walio waumini, nao hawakosekani katika makanisa yetu ya mjini, watenge siku hizo wapokee viapo bila malipo kwa wazee wasio na nauli ya kwenda kortini.

Kaunti ya Kakamega ina wabunge 12. Watakuja kutuona mwaka 2027, hata wale tusiowaona tangu 2022. Watakuja na hadithi za barabara, na bima, na kiwanda cha Mumias ambacho kila mgombea hukifufua na hakifufuki. Tuwasikilize kwa adabu. Wakimaliza, mmoja wetu asimame, amwite mheshimiwa kwa jina lake la heshima, na amtake alipeleke swali hili kwa yeyote atakayeketi mbele ya Kamati ya Fedha kusailiwa kwa ajili ya kiti cha Gavana: Usiku wa Julai, majuma machache kabla ya kura, simu ikilia nyumbani kwako na mwenye kupiga akakuamuru ulipe hundi isiyo na fedha nyuma yake, utamjibu nini, utaliandika jibu hilo katika kitabu gani, na karani wako akitoa nakala yake nje, utamfanya nini?